Jua la Wote, Kivuli cha Wachache

Picha za zamani za Dar es Salaam, Tanga na Bagamoyo, zile zilizopigwa enzi za utawala wa Wajerumani, zina alama moja inayomtambulisha mkubwa kabla hujatazama sare wala uso wake: chepeo. Mhandisi wa reli anayo, mmisionari anayo, mwenye shamba la mkonge anayo. Waliobeba mataruma ya reli, waliokata mkonge na waliochimba mitaro wako vichwa wazi, au wamejifunga kitambaa tu. Aliyesimama kutoa amri amekingwa jua toka utosini hadi shingoni; anayeshinda juani kutwa nzima hana kitu. Historia ya kujikinga jua Tanzania inaanzia kwenye kinyume hicho, na karne karibu nzima ilipita kabla hakijaanza kurekebishwa kwa ajili ya watu ambao jua lilikuwa likiwaua kweli.

Chepeo yenyewe ilikuwa kazi ya ufundi. Zile bora zilitengenezwa kwa moyo mweupe wa mmea wa sola, unaoota kwenye madimbwi ya Bengal. Moyo huo ni mwepesi mno. Ulichanwa vipande vyembamba, vikabandikwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kisha vikafunikwa kitambaa cheupe au cha kaki. Ndani, mkanda unaokaa kwenye paji la uso haukugusana na ganda. Uliachiwa nafasi ili hewa ipite, na utosini kulikuwa na tundu dogo la kutolea joto. Ukingo wake ulizunguka kichwa chote na kuteremka zaidi upande wa nyuma, ukafunika kisogo. Ukiikagua kwa vigezo vya daktari wa ngozi wa leo, inafaulu: pua, masikio, paji na shingo vyote viko kivulini. Kofia haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye hoja iliyoamua nani aivae.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani wa wakati ule waliamini kwamba jua la nchi za joto lina miale inayopenya fuvu na uti wa mgongo, ikamharibu Mzungu akili na mishipa ya fahamu. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani aliyehudumu Ufilipino, alitoa kitabu kizima kuhusu madhara ya mwanga wa tropiki kwa watu weupe. Huko London, Louis Sambon, mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto, alibuni kitambaa kilichoitwa Solaro, chenye nyuzi za rangi ya kaki kwa nje na nyekundu kwa ndani, akidai kuwa wekundu ule unazuia miale mibaya. Walowezi wa Kenya walivaa kofia mbili za pama zilizoshonwa moja juu ya nyingine, na wengine wakaning'iniza mgongoni, chini ya shati, utepe mnene wa kitambaa wa kulinda uti wa mgongo. Kutembea kichwa wazi saa sita mchana kulichukuliwa kuwa kujitakia kifo.

Jeshi la Marekani liliamua kuijaribu imani hiyo. Kati ya mwaka 1908 na 1909, mamia ya askari wake nchini Ufilipino walivalishwa nguo za ndani za rangi ya chungwa iliyokaribia wekundu, na wenzao wakabaki na nyeupe za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1910: nguo zile hazikusaidia chochote, na waliozivaa walilalamika kuwa zina joto. Sababu yake leo inajulikana vizuri. Mionzi ya urujuanimno haifiki kwenye ubongo. Huishia kwenye ngozi na macho. Anayeanguka shambani kwa kupigwa na jua ameangushwa na joto la mwili mzima lililokosa pa kutokea, na dawa yake ni maji, mapumziko na hewa, hata kama hajawahi kumiliki kofia.

Wenyeji walilijua hilo bila maabara. Misafara ya wapagazi ya karne ya 19, ya Wanyamwezi hasa, iliyokuwa ikienda na kurudi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ilianza safari alfajiri na mara nyingi kupiga kambi kabla ya adhuhuri. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, pamoja na chakula chake, mkeka wake na chungu chake. Hakuna chepeo ambayo ingemwezesha kutembea na mzigo huo saa nane mchana. Kinga yake ilikuwa saa. Mkulima naye alikwenda shamba giza halijatoka, akarudi au akajilaza chini ya mwembe jua lilipopanda, akamalizia jioni. Pwani, wavuvi na wakulima walivaa kofia pana za ukindu. Bara kulikuwa na za nyasi. Askari wa Wajerumani walipewa tarabushi iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye kipande kinachoning'inia kisogoni. Serikali ya kikoloni ilipoleta vibarua wa kazi za reli na mashamba, saa hizo za busara zilivunjwa na kengele ya msimamizi, na anayefuata kengele hachagui tena akae juani saa ngapi.

Imani ya miale inayopenya fuvu ilizikwa na Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wa Kizungu walipigana jangwani na misituni wakiwa na bereti au vichwa wazi, na hawakupata wazimu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipigana Burma mwaka 1944 ikivaa kofia za pama zenye ukingo mpana. Baada ya vita chepeo ilibaki vichwani mwa magavana siku za gwaride.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, basi, jua la kazi lilikuwa hasa suala la joto, uchovu na macho. Rangi ya ngozi yake inamkinga na saratani kwa kiasi kikubwa. Lakini katika mashamba hayohayo, katika kila wilaya, walikuwapo watu ambao hawakuwa na kinga hiyo hata kidogo, na hakuna daktari wa kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu kofia zao.

Ualbino hutokea mtoto anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama, ambao wenyewe mara nyingi huwa weusi kama ndugu zao. Duniani kote hukadiriwa mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Tanzania kiwango kilichotajwa na watafiti wa miaka ya 1980 ni mmoja kati ya 1,400 hivi, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477. Mwili wao hautengenezi rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Macho ndiyo yaliyoamua kazi zao. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida kilichoandikwa ubaoni. Akikaa nyuma ya darasa lenye wanafunzi wengi, bila miwani na bila maandishi makubwa, anashindwa mtihani, anaacha shule, na anakwenda kulima. Kwa njia hiyo aliyestahili kuliko wote kufanya kazi ndani aliishia kushika jembe nje, tena maisha yake yote.

Wala dunia haikuwa gizani kuhusu hatari hiyo. Mwaka 1894 Paul Unna, daktari wa Hamburg, alieleza jinsi ngozi za mabaharia zilivyoharibika hadi kuota saratani usoni na mikononi. Muda si mrefu baadaye William Dubreuilh wa Bordeaux aliona saratani hizohizo kwa wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu kuliko kwa watu wa mjini. Mwaka 1928 George Findlay alithibitisha London, kwa panya, kwamba mionzi ya urujuanimno inasababisha saratani. Kwa hiyo wakati maofisa wa Tanganyika wakilinda mafuvu yao dhidi ya miale isiyopenya, ushahidi wa miale inayoua ngozi ulikuwa tayari umechapishwa. Haukuvuka kufika kwa mkulima wa Ukerewe au Same.

Ushahidi huo ulikuja kufika baadaye, kupitia jengo lililokusudiwa watu wengine. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ufukweni Dar es Salaam kwa ajili ya Wazungu, yenye baraza pana na upepo wa bahari. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Hospitali ile ya ufukweni ndiyo Ocean Road, ambayo baada ya uhuru iligeuka kuwa kituo cha kutibu saratani, na mwaka 1996 ikawa taasisi kamili. Miaka ya 1980 mabingwa wake, wakiongozwa na Dk. Luande, waliwasajili na kuwachunguza watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Ripoti yao ya mwaka 1985 bado inauma kuisoma. Madhara ya jua yalionekana tangu utotoni. Waliovuka miaka 20 wote walikuwa na saratani ya ngozi au dalili zinazoitangulia. Kati ya miaka 20 na 30, nusu yao walikuwa na saratani zilizokomaa za kichwa na shingo, za kiwango cha kuua.

Sehemu zenyewe zinaeleza kazi iliyozisababisha: ncha za masikio, mdomo wa chini, kisogo cha mtu aliyeinama akipalilia, mgongo wa mkono ulioshika mpini.

Watu wenye ualbino hawakungoja ripoti hiyo ili wajikusanye. Chama chao kilianzishwa mwaka 1978, na tangu mwanzo madai yake hayakuwa ya ajabu: miwani, kofia, matibabu, na kazi zisizo za juani. Kilichokosekana ni huduma inayofika kijijini. Aliyeishi Simanjiro au Korogwe alifika hospitali kubwa pale tu kidonda kilipokuwa kimekula nusu ya sikio, na wakati huo upasuaji ulikuwa wa kupunguza maumivu.

Mageuzi yalitoka Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1992 pembeni yake kikaanzishwa chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi, kikiongozwa na Profesa Henning Grossmann, kufundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo kiliamua kuwafuata watu walipo. Gari lilikwenda kwenye vituo vya afya vya mikoa ya kaskazini kwa ratiba, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 wataalamu walieleza hali ya wagonjwa 164 waliosajiliwa. Kazi ya siku ya kliniki ya mkoba ilikuwa, na bado ni, ya subira. Mtu anavua kofia na shati, tabibu anapitisha vidole juu ya ngozi akitafuta magamba makavu yanayokwaruza, kwa maana mara nyingi vidole huyagundua kabla ya macho. Gamba likipatikana hupulizwa naitrojeni ya kimiminika. Mahali hapo hufunikwa na utandu wa barafu kwa sekunde chache, huchoma, kisha hupona ndani ya wiki kadhaa. Saratani imezuiwa siku hiyohiyo, chini ya mti, bila kitanda cha hospitali.

Lakini kutibu magamba bila kumkinga mtu ni kuchota maji kwa pakacha. Hapo ndipo swali la kuchagua kinga lilipoulizwa kwa dhati: mkulima mwenye ualbino apewe nini kwanza?

Jibu la wafadhili lilikuwa mafuta ya kukinga jua. Chupa zilikuja zimekusanywa kwa watalii na maduka ya Ulaya, kila moja na nguvu yake, nyingine zikikaribia kuisha muda, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambazo mpokeaji hazisomi. Mtu alipata chupa moja, ikaisha, ikapita miezi kabla ya nyingine. Dukani mafuta hayo yaliuzwa kwa bei ambayo mkulima wa jembe la mkono hawezi kuilipa kila mwezi. Na hata yalipokuwapo yalitumika kidogo kuliko inavyotakiwa. Namba iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa maabara kwa safu nene ya miligramu mbili kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na safu hiyo inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili. Anayepaka nusu ya kiasi hicho asubuhi na kutoka jasho hadi adhuhuri hana tena kinga iliyoandikwa kwenye chupa.

Kwa sababu hiyo kofia na nguo zilistahili kutangulia, na ndivyo matabibu wa Moshi walivyokuja kufundisha. Kofia ya pama, au ya ukindu iliyofumwa bila matundu, yenye ukingo usiopungua upana wa vidole vinne kuzunguka kichwa chote. Kapelo haitoshi: inaficha paji na kuyaacha masikio na shingo juani, palepale saratani inapoanzia. Shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kitenge kizito au kaki hukinga kuliko fulana nyeupe iliyofuliwa mpaka inaonyesha, na fulana hiyo ikilowa jasho au maji ya jaruba la mpunga hupitisha mionzi zaidi. Kanga moja nyepesi juu ya mabega ni afadhali kuliko kukosa, ila ikunjwe mara mbili.

Ushauri ni rahisi kuutoa, ila kuuvaa kijijini ni jambo jingine. Kijana wa miaka 16 ambaye tayari anaitwa majina njiani hataki kofia inayomwongezea macho ya watu; anachagua kapelo kama wenzake. Shule nyingi ziliwavalisha wanafunzi kaptula na mikono mifupi, na mwalimu akaamuru kofia zivuliwe mstarini, juani. Madaktari wa Moshi walilitambua tatizo hili mapema kiasi cha kufanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2002, wa kuwauliza wenye ualbino wenyewe wanauonaje ushauri wanaopewa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Safari hii mtu anayekaa juani ndiye aliyeulizwa kuhusu jua.

Hali ya hewa nayo hudanganya. Lushoto au Njombe kuna ubaridi na mawingu mepesi, mkulima haoni sababu ya kujifunika, ilhali mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na mawingu mepesi hayaizuii. Mwanza, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ina ziwa linaloirudisha mionzi hiyo usoni mwa mvuvi kutoka chini.

Katikati ya miaka ya 2000 mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, yaliishtua nchi na dunia. Watoto walipelekwa kwenye shule zenye ulinzi kama Mitindo wilayani Misungwi na Buhangija mjini Shinyanga. Mashirika yalikuja, fedha zikatolewa. Ilikuwa haki kabisa kupiga kelele juu ya unyama ule. Hata hivyo, miaka yote hiyo saratani ya ngozi iliua watu wengi zaidi, kimyakimya, na kwa ugonjwa unaozuilika.

Katika mwamko huo Mafalda Soto, mfamasia kutoka Uhispania, alishirikiana na KCMC kuanzisha karakana ya kutengeneza mafuta ya kukinga jua hapohapo Moshi, kwa msaada wa viambato na utaalamu wa kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani. Mafuta hayo, yanayoitwa Kilisun, yana kinga ya namba 30, ambayo ikipakwa sawasawa huzuia asilimia 97 hivi ya mionzi inayounguza ngozi. Yalibuniwa kwa joto la hapa na kwa mtu anayetoka jasho, maelezo yake yakaandikwa kwa Kiswahili, na katika walioajiriwa kuyatengeneza wamo wenye ualbino wenyewe. Usambazaji ulifungwa pamoja na kliniki: anayekuja kuchukua kopo anakaguliwa ngozi, na anayekaguliwa haondoki bila kopo. Kufunga pamoja mambo hayo mawili ndiko kulikoleta tofauti, kuliko ubora wa mafuta peke yake. Serikali ya Kenya nayo ilianza miaka hiyohiyo kutenga fedha katika bajeti kwa ajili ya mafuta, kofia na matibabu ya wenye ualbino, kupitia baraza lake la taifa la watu wenye ulemavu.

Ile kinga ya wapagazi, ya kuchagua saa, imerudi pia, safari hii kwa nguvu ya sheria, katika nchi za Ghuba ambako maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wanafanya kazi. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkulima anayejilimia eka mbili hana mwajiri, na sheria hiyo haimfikii.

Kwa hiyo kazi iliyobaki iko mikononi mwa walio karibu naye. Mwalimu mkuu aruhusu kofia na mikono mirefu mstarini na darasani, na amkalishe mtoto mwenye ualbino mbele, karibu na ubao, ili asije akalazimika kulima kwa kukosa cheti. Halmashauri iweke mafuta ya kukinga jua kwenye zahanati pamoja na dawa nyingine, badala ya kuyangoja yaletwe kwa hafla ya Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Mzazi asisubiri mafuta: aanze leo na kofia ya pama, nguo ndefu, na shamba kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Na akiona kwenye sikio, mdomo au shingo ya mwanawe kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, ampeleke kwa daktari wa ngozi kikiwa bado kidogo, kwa maana katika hatua hiyo kinatibika.